Anakojoa kitandani, ana miaka 11. Tulisema ujeuri, halafu tukasema mapepo

mama_mdogo_Ndosho

Wapendwa, uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Niko Goma, Ndosho, saa tano usiku, umeme umerudi sasa hivi na simu ina asilimia 40. Ombi moja kabla sijaanza: siasa sitaki humu. Nani aliingia mjini na nani alitoka, nyuzi zake zimejaa, nendeni mkagombane huko.

Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Ni wangu, ananiita mama mdogo. Mwezi wa kwanza 2025, mabomu yalipokuwa yanaanguka mjini, alikuwa na miaka 11. Tulilala siku nne kwenye korido, magodoro tumeyasimamisha madirishani, ndoo ya haja iko pale pale. Hakulia hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwaziba wadogo zake masikio. Nikawa namsifu kwa majirani, "huyu ni mwanaume kweli".

Mwezi wa tatu, mji umetulia kidogo, akaanza kukojoa kitandani. Mtoto aliyeacha nepi kabla ya miaka mitatu! Nikasema ni uvivu wa kuamka. Asubuhi nikawa natoa godoro na kulianika juu ya ukuta wa makoro, yale mawe ya volkano, upande wa barabara, makusudi, wapita njia waone. Wenzake wakampa jina, Kikojozi. Naandika hili kwa aibu, lakini naandika.

Halafu tumbo. Kila asubuhi ya shule tumbo linauma, Jumapili haliumi. Nikasema mwongo. Halafu ngumi: alimvunja jino mwenzake aliyebamiza mlango wa bati nyuma yake. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi nililiona ni adabu. Kila jioni alikuwa anapanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, vyangu, vya baba mdogo wake, vya wadogo zake, jozi sita kwenye mstari mmoja, ncha zimeelekea nje. Ukivisogeza, anaamka kuvirudisha.

Mama mkwe akasema hii si bure. Tukaenda chumba cha maombi, sitasema kipi. Siku tatu kavu, bila chakula wala maji, mtoto wa miaka 11. Siku ya tatu mama mmoja mwenye maono akasema mtoto amepewa "kitu" na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo ndiye mama yangu mzazi. Nyumba ilibaki kidogo ivunjike.

Kutoka hapo tukaenda farmasi. Kijana wa kaunta akanifungia diazepamu kwenye karatasi ya daftari: "Mpe nusu, atalala." Alilala kweli. Alilala mpaka darasani, mwalimu akamrudisha nyumbani akidhani amekunywa pombe.

Tulitoka humo kwa bahati tu. Nilikuwa nimempeleka mdogo wake kupimwa malaria kwenye kituo cha afya, na yeye alinisindikiza. Muganga akamaliza na mdogo, akamgeukia yeye: "Na wewe, ukilala unaota nini?" Miezi minne yote hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza hivyo. Akajibu papo hapo, utadhani jibu lilikuwa limemkaa mdomoni: "Moto unatembea nyuma yangu. Halafu unakuwa watu."

Moto! Ndipo nikakumbuka 2021. Volkano ya Nyiragongo ilitapika Mei 22, na walipotuamuru tuhame mji Mei 27 tulimpoteza njia ya Sake kwenye ule msongamano. Alikuwa na miaka 8. Alilala usiku mmoja kwa watu asiowajua, kesho yake tukampata, tukamshukuru Mungu, tukasahau. Kumbe sisi ndio tuliosahau.

Sasa anafuatiliwa, nitawaeleza baadaye. Kwanza nataka kusikia: nani humu amepitia haya na mtoto? Na nyinyi wa afya, tueleweshe. Hii ni ugonjwa gani?

---

Bluzi_Nyeupe

Mama mdogo, pole. Mimi ni nesi, ingawa kwetu kila aliyevaa bluzi nyeupe anaitwa muganga, hata wa maabara. Niko kituo cha afya, nimefundishwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa mhGAP, ulioandikwa kwa ajili yetu sisi wa vituo vidogo ambao daktari wa akili yuko mbali.

Mtu mzima akielemewa atasema "nimechoka na maisha". Mtoto hana sentensi hiyo. Tumbo lake ndilo linalosema, au kichwa, au kitanda, au ngumi. Mdogo wa miaka minne atarudi nyuma: alikuwa anaongea, sasa anabwabwaja kama mtoto wa mwaka, ananing'inia kwenye kitenge chako, anacheza vita ile ile kila siku na kila siku wanakufa wale wale. Wa umri wa kijana wako atakuwa na ndoto mbaya, tumbo, hasira, masomo yanashuka. Na wa miaka 15 usitegemee atalia. Mara nyingi huzuni ya kijana inatoka kama ukali: anajibu vibaya, anajifungia, analala mchana kutwa, anaanza kanyanga, ile pombe kali, au bangi.

Kwa alichoeleza mama, kinachofikiriwa kwanza ni ugonjwa unaofuata mshtuko mkubwa. Tunatafuta mambo matatu. La kwanza, tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au mchana kweupe. La pili, anakwepa kila kinachomkumbusha. La tatu, mwili hauzimi ulinzi: anashtuka kwa bati, usingizi ni wa juu juu. Yakikaa zaidi ya mwezi na kumzuia kuishi, kusoma na kucheza, huo ni ugonjwa na unatibiwa. Vile viatu mlangoni, mama, ndilo lile la tatu. Mtoto alikuwa kwenye zamu.

Lakini msije mkatoka hapa mkidhani kila mtoto aliyeona bunduki ni mgonjwa. Wengi wanapata ndoto mbaya wiki mbili tatu, halafu zinapungua zenyewe wakirudi shuleni, wakila kwa saa zile zile, na kukiwa na mtu mmoja mkubwa asiyebadilika kila siku. Wanaobaki ndio tunaowatafuta. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani ana shida ya afya ya akili, na theluthi ya magonjwa haya yote huanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya miaka 18. Kwenye maeneo yaliyoona vita ndani ya miaka 10, ni mtu 1 kati ya 5, watoto na wakubwa pamoja. Hesabu kwenye parsela yako mwenyewe, kiwanja unachokaa.

Kuhusu kitanda. Kwanza mpimeni mkojo, maana maambukizi na sukari navyo vinaleta hiyo. Vikikosekana: hakuna fimbo, hakuna kuanika barabarani, hakuna jina. Aende chooni kabla ya kulala. Chora kalenda ukutani, usiku mkavu anaweka alama yeye mwenyewe, usiku wa maji hakuna anayesema neno. Mtoto anayeogopa kipigo cha asubuhi analala na hofu mbili badala ya moja.

Na ile diazepamu, tafadhali. Inalaza, haiponyi. Mwili unaizoea, na mwongozo unatukataza kuitumia kwa mtoto mwenye mshtuko wa aina hii. Kijana wa kaunta hakukosa nia njema, alikosa elimu.

---

Chukudu_bila_breki

Mimi nauliza tu. Sisi bote tulikimbiaka 2002, volkano ilikula kipande kikubwa cha mji, hakuna psikolojia, hakuna kalenda ya kukojoa. Tukapona. Papa yangu alinipigaka fimbo na niko mzima. Batoto ba leo banalegea sana.

---

mwalimu_wa_tano

Yaya Chukudu, kaka, ulipona, sawa. Wenzako wangapi wa darasa lile wako wapi leo? Mimi nawakumbuka wangu. Mmoja hajawahi kulala bila pombe tangu akiwa na miaka 14. Naye anajiita mzima.

Nafundisha mwaka wa tano, watoto 62, madawati ya watatu wanakaa wanne. Kwa miaka mingi niliwaogopa wapiga kelele. Siku hizi macho yangu yako kwa yule wa nyuma anayenyamaza, asiyekosea wala kupatia, ambaye ukimwita anachelewa kama mtu aliyeamshwa. Mwaka huu ninao wawili. Mmoja mama yake aliniambia, "ana adabu sana siku hizi". Mama wa uzi, nilisoma lile neno lako adabu, nikatulia kidogo.

Jambo jingine ambalo semina hazikunifundisha. Kuna mtoto asiyekaa kitini, anayepoteza kalamu kila siku, anayeanza zoezi hili kabla ya kumaliza lile. Wapo kweli waliozaliwa hivyo, na wanasaidiwa: ukae naye mbele, kazi uigawe vipande vidogo, umtume kufuta ubao akisisimka. Lakini dalili zile zile utaziona kwa mtoto asiyelala usiku, na kwa mtoto mwenye njaa, na kwa mtoto ambaye sikio moja halisikii tangu bomu lile. Kabla ya kumbandika jina, muulize alilala saa ngapi na alikula nini.

Mvua ikipiga mabati yetu sauti yangu haisikiki hata mstari wa mbele. Zamani nilikuwa nabishana na mvua. Sasa nawaambia wachore. Mchoro mmoja nilioupata ulikuwa nyumba isiyo na mlango. Sikumuuliza kitu mbele ya wenzake. Nilimwomba anisaidie kubeba madaftari mpaka nyumbani, na njiani, bila kutazamana, akaongea.

---

pasta_kando_ya_ziwa

Mama mdogo, mimi ni mchungaji na nimesoma mpaka mwisho. Ungetegemea nije kutetea vyumba vya maombi. Mtoto kufungishwa kavu siku tatu hakuna maandiko yanayoniagiza hilo. Nakiri kwamba miaka ya nyuma niliwahi kuombea kijana mwenye homa kali aliyekuwa anaweweseka, tukasema anaona pepo. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Alipona kwa sababu mjomba wake alikuja na pikipiki akamchukua kwa nguvu, akanitukana njia nzima, na alikuwa na haki.

Siku hizi utaratibu wangu: mwenye homa, mwenye degedege, aliyebadilika ghafla, hospitali kwanza, sala tutaifanya kando ya kitanda. Lakini na ninyi wa bluzi nyeupe msitudharau. Mama akiwa na mtoto wa hivi saa nane ya usiku, mlango unaofunguliwa ni wa kwangu.

---

Bluzi_Nyeupe

Baba pasta, hilo la saa nane ya usiku ni kweli na linatuuma. Tukiwa na wachungaji kumi kama wewe kwenye eneo letu la afya, nusu ya kazi imekwisha.

---

sheria_kidogo

Nipite haraka. Yule mwenye maono aliyesema mtoto "amepewa kitu" anacheza na jela. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya 2006 kinataja kumtuhumu mtoto uchawi pamoja na kumtelekeza na kumtesa, vyote vinakatazwa na kuadhibiwa. Na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka kifungo. Sijui ni wangapi wamewahi kufungwa kwayo, lakini ukiwasomea kwa sauti kwenye kikao cha familia, makelele hupungua. Nimejaribu.

---

papa_wa_mapacha_Kadutu

Niwasalimu toka Bukavu. Wangu ni binti, ana miaka 9 sasa. Alianza kwa kukodoa macho katikati ya sentensi, sekunde chache, halafu anaendelea. Tukadhani anafikiri. Kisha akaanguka mara ya kwanza, mkono ukaingia kwenye jiko la makaa. Kovu analo, kutoka kidole kidogo mpaka kiwiko.

Kilichotuchoma zaidi ya moto ni sahani. Dada yangu mimi mwenyewe alimtengea sahani yake na kikombe chake, mate yanaambukiza, anasema. Akianguka, watoto wanakimbia badala ya kumsogezea jiko mbali.

Tulipelekwa SOSAME, kile kituo cha akili cha Mabruda wa Upendo. Njiani mke wangu analia, "mtoto wangu si kichaa". Wakatupa fenobabitali, dawa ya kifafa, anguko likakoma. Miezi miwili safi kabisa. Nikasema amepona, pesa ya dawa nikainunulia bati. Siku ya nne bila dawa aliangushwa mara sita kwa siku moja. Sitasahau.

---

Bluzi_Nyeupe

Papa, asante kwa kusema hilo la bati, maana karibu kila familia inalifanya na hakuna anayekiri. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Siyo kichaa, ila kwetu kinatibiwa kwenye nyumba zile zile, ndiyo maana watu wanachanganya. Mate hayaambukizi, kuleni naye. Dawa haikatwi siku moja. Mpaka apite kama miaka miwili bila kuanguka, na hapo muganga anaipunguza polepole. Akianguka: mlaze ubavu, toa vya moto na vya makali, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano bila kukoma, hospitali.

---

mwana_Katuba

Mi niko Lubumbashi. Mdogo wangu, miaka 17, alianza kusikia watu wanamwongelea nyuma ya ukuta. Akaacha kuoga, akaacha kula kwa mama kwa sababu eti kuna sumu. Bangi alikuwa anavuta tangu miaka 14, na daktari alituambia kuvuta mapema kunaongeza hatari ya ugonjwa huu, ingawa siyo sababu pekee.

Hospitali moja walimchoma haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili. Jioni shingo ikapinda yenyewe, macho yakapanda juu, ulimi nje. Mnajua familia ilisema nini. Mjomba akapiga magoti pale pale wodini, shangazi anaomba kwa sauti, tukamtoa usiku ule tukiwa na uhakika sasa pepo limejionyesha. Wiki tatu baadaye ndipo muganga mwingine akatueleza kwamba ni dawa inafanya hivyo, hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo, na ipo sindano nyingine ya kuirudisha shingo ndani ya nusu saa. Nusu saa! Wangetuambia sentensi hiyo moja kabla ya kumchoma, tusingempoteza mitaani wiki tatu.

Sasa yuko vizuri, ameshonesha suruali mpya, anauza vocha. Dawa nyingine, kipimo kidogo. Sauti anazisikia bado mara moja moja, anasema zimekuwa kama redio ya jirani.

---

jina_nitaweka_baadaye

Nina miaka 17, niko mwaka wa sita wa sekondari, mtihani wa taifa unakuja. Samahani kuingia uzi wa wakubwa. Mimi sina sababu kama hawa wengine. Nyumbani tunakula, baba na mama wapo, hakuna aliyekufa. Lakini tangu mwezi wa kumi sisikii ladha ya kitu. Nilikuwa naimba kwaya, nimeacha. Naamka saa tisa usiku sirudi kulala. Nikisoma ukurasa, nikifika chini sijui juu kulikuwa na nini. Mama anasema natafuta visingizio. Labda ni kweli ni uvivu.

---

Bluzi_Nyeupe

Mdogo wangu, hujaingilia mtu. Malaria haikuulizi kama nyumbani mnakula, na huu ugonjwa nao hauulizi. Unachoeleza kinaitwa unyogovu, na usingizi wa saa tisa usiku ni alama yake ya zamani.

Nakuuliza waziwazi, na swali hili halimtii mtu wazo ambalo hana: je, unafikia kufikiri kufa, au kujidhuru? Kama ndiyo, usibaki peke yako usiku huu. Mwamshe mtu mkubwa mmoja, umwonyeshe tu hii simu, hutalazimika kuongea. Na mwenye nyumba asomaye hii: dawa zote na sumu ya panya zitoke mkononi mwa watoto leo, usingoje kesho.

Tiba ipo. Mazungumzo na mtu aliyefunzwa, wiki kwa wiki, kurudisha vitu vidogo kabla ya hamu kurudi (kwaya, hata kama ni kukaa tu na kusikiliza), kulala kwa saa ile ile kila siku. Ikiwa nzito, kwa umri wako daktari anaweza kuongeza fluoksetini. Inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wiki za kwanza lazima mtu akuangalie kwa karibu. Usiinunue mwenyewe farmasi. Hapa Goma kuna kituo cha afya ya akili, Tulizo Letu, lakini anza na kituo cha afya cha mtaani kwako, uulize kama wana APS, yule msaidizi wa mambo ya saikolojia.

---

jina_nitaweka_baadaye

Nimemwamsha yaya, ndugu yangu mkubwa. Amesoma. Amekuja kulala chumbani kwangu na godoro lake.

---

Chukudu_bila_breki

Sawa sawa. Ila fimbo nayo ilinisaidiaka hesabu, hiyo hamtanitoa.

(Binti, lala salama.)

---

mama_mdogo_Ndosho

Nimerudi, niliahidi kueleza anavyotibiwa. Binti wa mwaka wa sita, nimekuandikia pembeni.

Nilidhani watamlaza kitandani wampe dawa. Hakupewa hata kidonge kimoja. APS ni dada mmoja mtulivu, hana haraka kabisa. Wiki mbili za kwanza alimfundisha kupumua na kutambua mwili unavyojikaza, na mimi alinikalisha pembeni akanifundisha kunyamaza. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupumua. Nilitaka mtoto aseme yote siku moja tumalize, yeye akanikataza: kumkamua mtoto maneno kabla hajawa tayari kunaweza kumuumiza.

Kikao cha tatu alileta kamba. Kamba ya kawaida, ile ya kufungia mzigo kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Akaitandaza sakafuni, akamwambia: huku mwanzo ni siku uliyozaliwa, huku mwisho imekunjwa, haijatandazwa kwa sababu hujafika. Akampa maua na mawe. Maua yalikuwa ya uani kwetu, mawe akayaokota mwenyewe nje, makoro meusi, hapa kwetu hayatafutwi. Ua kwa kila jambo zuri, jiwe kwa kila baya, kubwa kwa kubwa.

Nilitegemea jiwe kubwa lingekuwa mabomu ya 2025. Aliweka jiwe la saizi ya ngumi pale, ndiyo. Lakini lile kubwa kupita yote, alilolibeba kwa mikono miwili, aliliweka miaka 8, njia ya Sake. Na kando yake akaweka ua. Dada akamuuliza, hili ua ni nini? Akasema, "Yule mama niliyelala kwake. Alinipa uji na alinifunika na kitenge chake." Sikuwahi kujua habari za uji. Kuna jiwe dogo pia, karibu na mwisho, aliliweka akiniangalia mimi. Sikuuliza. Najua ni godoro.

Baada ya hapo kila wiki wanachukua jiwe moja na kulisimulia lote, polepole, kulikuwa na harufu gani, mwili ulihisi nini, halafu nini kikafuata, mpaka lifike mwisho wake. Dada anaandika, wiki inayofuata anamsomea, anasahihisha. Anasema mshtuko unakaa kichwani vipande vipande bila tarehe, ndiyo maana bati la leo linakuwa bomu la zamani. Kuusimulia kwa mpangilio ni kuupa tarehe. Huchukua kama vikao 8 mpaka 10. Kuna njia nyingine ya vikundi, vikao 15, ambayo ilijaribiwa huku mashariki mwa Kongo kwa wavulana waliotoka kwenye makundi ya silaha na kwa wasichana waliopitia ukatili, matokeo yakatolewa 2013, na waliowaongoza hawakuwa madaktari. Baba pasta, labda vijana wako wa kanisa wangefunzwa hiyo.

Tuko kikao cha saba. Kalenda ukutani ina alama 19 mwezi huu. Tumbo bado linauma Jumatatu. Aliomba msamaha kwa yule wa jino, bila kuambiwa, na wakagombana tena kesho yake kwa ajili ya mpira. Nilimpigia mama yangu simu, nikamwomba msamaha na mimi. Aliniacha niseme mpaka mwisho ndipo akajibu, kama kawaida yake.

Na viatu. Wiki iliyopita nimeamka kwenda sokoni giza bado halijaisha, napapasa mlangoni, vyangu havipo. Vyake tu vipo pale, jozi moja, ncha zimeelekea nje. Nikavitafuta vyangu nyumba nzima kwa mwanga wa simu. Vilikuwa chini ya meza, pale pale nilipovivua.